UCHAGUZI WA BETRI KATIKA VYOMBO VYA BAHARINI

Hii ni mada iliyotolewa mbele ya manahodha, wavuvi, masheha na watumishi wa Serikali wenye dhamana ya vyombo vya baharini na ununuzi wa vifaa. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu ili wananchi wengine nao wafaidike nayo.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Masheha,
Ndugu Manahodha na Wavuvi,
Ndugu Watumishi wenzangu,



 Nimetakiwa nieleze namna ya kuchagua betri za vyombo vya baharini. Huenda wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa jambo hili ni dogo, na kwamba linamhusu fundi peke yake. Napenda kusema mapema kuwa linatuhusu sote. Sisi ni watu wa visiwa. Mgonjwa wa Tumbatu anayekimbizwa Mkokotoni, mwalimu wa Kojani, na mkaazi wa Makoongwe anayevuka kwenda Mkoani, wote hawa usalama wao umo ndani ya chombo. Na katika chombo cha leo, taa, redio, pampu na mara nyingi hata injini yenyewe hutegemea betri.

Hatari yake ni hii. Betri ikiwa moja na ikafa, haviharibiki vitu kimoja kimoja. Taa za safari huzimika, kwa hiyo meli kubwa haikuoni. Redio hupokea kwa udhaifu na haiwezi kutuma, kwa hiyo huwezi kuita msaada. Pampu ya ngamani husimama, na maji huanza kupanda. Injini ikizimika haiwaki tena. Mambo manne yanampata nahodha kwa wakati mmoja, tena usiku, pengine katika kusi kali. Wazee wetu walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji ya chombo hukusanyikia ngamani, na kwa desturi yetu ya sasa uzembe wote wa umeme nao hukusanyikia katika betri.

Kwa hiyo, neno langu kubwa leo ni moja, nami nitalirejea mara kwa mara: betri haichaguliwi kwa ukubwa wa umbo lake wala kwa wepesi wa bei yake. Betri huchaguliwa kwa kazi itakayoifanya.

KAZI MBILI ZA BETRI

Ndugu Mwenyekiti, betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika hadi leo: mabamba ya risasi yaliyotumbukizwa katika asidi ya salfa. Kilichobadilika ni namna mabamba hayo yanavyotengenezwa, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Kazi ya kwanza ni kuwasha injini. Kazi hii inahitaji umeme mwingi sana kwa sekunde chache tu, na baada ya hapo injini yenyewe huirejeshea betri kile kidogo ilichokitoa. Betri iliyotengenezwa kwa kazi hii huwa na mabamba mengi na membamba, ili asidi iguse eneo kubwa la risasi na umeme utoke kwa kishindo. Hii ndiyo betri ya gari tunayoijua sote.

Kazi ya pili ni kuhudumia taa, redio, pampu na vyombo vya kuongozea njia. Kazi hii inahitaji umeme mdogo kwa saa nyingi. Betri yake huwa na mabamba manene na machache, yanayostahimili kushushwa chini na kupandishwa tena kila siku. Madukani kwetu watu wengi huiita betri ya sola.

Sasa, mtu akichukua betri ya gari akaiwashia taa usiku kucha, atakuwa ameitumia kwa kazi isiyokuwa yake. Mabamba yale membamba yanaposhushwa hadi chini kila usiku, unga wa risasi uliomo hulegea na kudondoka chini ya kasha. Haipiti muda mrefu betri huwa imekufa, na mwenye nayo humlaumu muuzaji. Muuzaji huenda hana kosa. Betri ilikuwa nzima, ila ilipelekwa kazi isiyoiweza.

Hapa tunayo kumbukumbu ya pamoja. Kuanzia tarehe 10 Disemba 2009 hadi mwezi wa Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi, na majumba na maduka mengi yalilazimika kutafuta jenereta na betri. Aliyefunga betri ya gari nyumbani mwake kwa ajili ya taa na feni alipata somo hili kwa fedha yake. Tofauti ni kuwa nyumbani betri ikifa unawasha kandili ukalala. Baharini hapana mlango wa kutokea.

Hivyo basi, chombo chochote chenye injini ya kuwashwa kwa umeme kinastahili kuwa na betri mbili zilizotengana: moja ya kuwashia injini, isiyoguswa na kazi nyingine yoyote, na moja ya matumizi. Baina yake iwekwe swichi ya kuchagulia betri, au rilei inayoziunganisha pale tu injini inapochaji na kuzitenganisha injini inaposimama. Kwa mpango huu, hata taa zikikesha hadi betri ya matumizi ikaisha, injini itawaka na watu watarudi nyumbani.

Kwa wale wenye mashine za kuvuta kamba, betri ya kuwashia haihitajiki. Hata hivyo, taa, redio na pampu bado zinahitaji betri yao, na maelezo yanayofuata yanawahusu sawasawa.

HESABU KABLA YA DUKA

Ndugu Washiriki, kosa la pili linalofanywa sana ni kwenda dukani kabla ya kufanya hesabu. Mtu humwambia muuzaji, "Nipatie N70," au, "Nipatie kubwa uliyonayo." Kufanya hivyo ni sawa na kununua tanga bila ya kuupima mlingoti.

Uwezo wa betri ya matumizi hupimwa kwa ampea-saa. Betri ya ampea-saa 100 ni ile ambayo kiwandani iliweza kutoa ampea 5 kwa muda wa saa 20. Ifahamike kuwa ukiitoa umeme kwa kasi zaidi, haitatoa jumla ile ile. Ukiitoa ampea 25, haitafika saa 4 kama hesabu ya kugawa inavyoonyesha, bali itakwisha mapema zaidi. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani Wilhelm Peukert tangu mwaka 1897, na bado linawashangaza wanunuzi.

Kujua matumizi ya kifaa, chukua wati zake ugawe kwa volti 12, utapata ampea. Kisha zidisha kwa saa kitakazotumika. Tuchukue mfano wa boti ya mita 10 inayotoka saa 12 jioni na kurudi saa 12 alfajiri, yaani saa 12 kamili baharini:

(a) Taa za safari za LED, jumla wati 6: ampea 0.5 kwa saa 12, sawa na ampea-saa 6.
(b) Redio ya VHF: kusikiliza ampea 0.4 kwa saa 12, na kutuma ampea 5 kwa dakika 12. Jumla takriban ampea-saa 6.
(c) GPS na kipima kina: ampea 1 kwa saa 12, sawa na ampea-saa 12.
(d) Taa za kazi za LED, wati 24: ampea 2 kwa saa 6, sawa na ampea-saa 12.
(e) Taa ndogo ya ndani, wati 6: ampea 0.5 kwa saa 4, sawa na ampea-saa 2.
(f) Pampu ya ngamani: ampea 4 kwa jumla ya saa 1, sawa na ampea-saa 4.
(g) Kuchaji simu: ampea 1 kwa saa 4, sawa na ampea-saa 4.

Jumla yake ni ampea-saa 46 kwa usiku mmoja. Baharini hatuendi na hesabu kamili, kwa maana bahari haisomi karatasi zetu. Tuongeze robo kwa ajili ya dharura na uchakavu, tupate takriban ampea-saa 58.

Je, tununue betri ya ampea-saa 58? Hasha. Betri ya risasi, hata ile ya mabamba manene, haipaswi kushushwa kwa kawaida chini ya nusu yake, kwani kila inaposhushwa zaidi umri wake hupungua. Kwa hiyo zidisha mara mbili: tunahitaji takriban ampea-saa 120. Hiyo ndiyo betri ya boti hii, na sasa mwenye boti anaweza kwenda dukani akijua anachokitaka.

Aidha, hesabu hii hutufunza kuwa njia ya kwanza ya kupata umeme ni kupunguza matumizi. Lau boti hii ingelikuwa na taa tatu za safari za zamani, za balbu za wati 10 kila moja, taa hizo peke yake zingelikula ampea-saa 30 badala ya 6. Tofauti ya ampea-saa 24, ukiiongezea robo na kuizidisha mara mbili, ni ampea-saa 60 za betri. Yaani kubadilisha balbu tatu ni sawa na kununua nusu ya betri nyingine. Ila nataka tahadhari ichukuliwe: taa za safari ziwe zile zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye pembe na rangi zinazotakiwa na Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Taa ya nyumbani iliyopakwa rangi nyekundu au kijani haiwi taa ya safari.

AINA ZA BETRI NA SIFA ZAKE

Ndugu Mwenyekiti, baada ya kujua kazi na ukubwa, ndipo tunapochagua aina. Nitataja nne.

Ya kwanza ni betri ya maji, yenye vifuniko vya kufungulia. Bei yake ni nafuu, mafundi wetu wanaijua, na inavumilia makosa madogo ya kuchaji. Kasoro zake ni kuwa inahitaji kuongezewa maji, humwaga asidi chombo kikilala ubavu, na inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kuanzia asilimia 4 inaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu.

Ya pili ni AGM. Hii ni betri ya risasi iliyofungwa, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Haimwagi, inastahimili mtikisiko, hupokea chaji kwa haraka, na haihitaji kuongezwa maji. Kwa boti ndogo inayorushwa na mawimbi, ni chaguo zuri. Ikichajiwa kupita kiasi hukauka, na ikikauka haina dawa.

Ya tatu ni betri ya jeli, ambayo asidi yake imegandishwa mfano wa uji mzito. Nayo haimwagi na hustahimili kushushwa, lakini huharibika ikichajiwa kwa volti zinazofaa betri ya maji. Asiyekuwa na chaja yenye mpango wa jeli asiinunue.

Ya nne ni lithiamu, na kwa vyombo vya baharini nakusudia ile ya fosfeti ya chuma, ambayo ndiyo tulivu zaidi katika jamii ya lithiamu. Betri hii inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila ya kudhurika, huishi kwa maelfu ya mizunguko pale ambapo ya risasi huishi kwa mamia, na uzito wake ni chini ya nusu. Kwa boti ya mfano wetu, ampea-saa 58 ukizigawa kwa 0.8 ni takriban 73 tu, hivyo betri moja ya ampea-saa 100 ingetosha na kubakisha.

Hata hivyo, betri ya lithiamu ina masharti. Lazima iwe na kifaa chake cha kielektroniki cha kuilinda, kinachoikata inapozidiwa au inapoishiwa. Kifaa hicho kikikata ghafla wakati injini inachaji, altaneta inaweza kuungua. Vile vile betri hii hupokea umeme kwa pupa hata altaneta ndogo ikapata joto la kuiua. Kwa hiyo haifai kuichomoa betri ya risasi na kuchomeka lithiamu mahali pake bila ya fundi kuutazama mfumo mzima. Na volti zake hazishuki polepole kama za risasi, hivyo voltimita haitakueleza kwa uhakika kilichobaki. Inahitaji mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka.

Na isidhaniwe kuwa chaji ya lithiamu ni jambo la kuachwa lijiendee lenyewe. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua moto ikiwa nangani karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, Marekani, na watu 34 waliokuwa wamelala walipoteza maisha. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo chenyewe cha moto, lakini miongoni mwa mambo waliyoyataja kuwa yawezekana ni betri za vifaa zilizokuwa zikichajiwa bila ya mtu wa kuziangalia. Walichokithibitisha ni kuwa hapakuwa na mlinzi wa zamu usiku ule. Pindi abiria na mabaharia wanapochaji simu na taa zao ndani ya chombo, pawe na mtu macho.

Ukiniuliza kwa ufupi: kwa mvuvi mdogo na kwa bajeti ndogo, betri ya maji ya mabamba manene, iliyofungwa vizuri, inatosha. Kwa boti ya abiria au ya dharura, AGM. Kwa chombo kinachotumia umeme mwingi kila siku na chenye fundi wa kukihudumia, lithiamu italipa gharama yake.

KUIREJESHEA BETRI KILICHOTOKA

Betri haitengenezi umeme, inauhifadhi tu. Kinachotoka usiku lazima kirudi mchana, na kwa betri ya risasi lazima kirudi na nyongeza ya takriban asilimia 20, kwa sababu sehemu hupotea katika joto. Ampea-saa 46 za boti yetu zinahitaji kurejeshwa kama 55.

Mashine nyingi ndogo za nje hutoa umeme kidogo sana, na nyingine hazitoi kabisa. Ikiwa mashine inatoa ampea 10, itahitaji zaidi ya saa 5 za mwendo. Boti inayokwenda dakika 40 ikazima mashine na kuvua hadi alfajiri haitaijaza betri hiyo kamwe. Kila siku itabaki na deni, na betri ya risasi inayoishi na deni huota chumvi ngumu juu ya mabamba hadi ikashindwa kupokea chaji. Betri nyingi zinazosemekana ni mbovu zimekufa kwa njaa.

Kwa hali ya hewa yetu, paneli ya sola ndiyo msaada mkubwa. Paneli ya wati 100 katika siku ya jua zuri huweza kurejesha takriban ampea-saa 25, kwa hiyo paneli mbili, pamoja na mwendo wa mashine, zitaihudumia boti ya mfano wetu. Wakati wa masika mawingu hupunguza kiasi hicho, na nahodha apunguze matumizi yake vivyo hivyo. Paneli isiunganishwe moja kwa moja na betri, bali ipitie katika kidhibiti chaji kilichowekwa kwa aina ya betri iliyopo.

MAHALI, NYAYA NA FYUZI

Ndugu Washiriki, betri nzuri iliyowekwa pabaya ni hasara na hatari. Naomba tuzingatie yafuatayo:

(i) Betri ikae juu ya usawa wa maji ya ngamani. Maji ya chumvi yakiingia katika betri ya risasi huzalisha gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

(ii) Ifungwe kwa mikanda ndani ya kasha lisiloliwa na asidi, isiweze kusogea chombo kinapoyumba. Betri ya kilo 30 iliyofunguka katika mawimbi inaweza kuvunja mbao na miguu.

(iii) Isikae ubavuni mwa mashine. Joto ni adui mkubwa wa betri: kwa kila nyuzi joto 10 za ziada, umri wa betri ya risasi hupungua kwa takriban nusu.

(iv) Pawe na tundu la hewa upande wa juu, kwani haidrojeni ni nyepesi na hupanda. Tangi la petroli liwe mbali.

(v) Kila waya wa matumizi unaotoka upande wa chanya uwekewe fyuzi karibu na betri, isizidi takriban sentimita 20, yaani shibiri moja. Fyuzi iliyo mbali hailindi waya ulio kabla yake.

(vi) Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, na nene za kutosha ili upotevu wa volti kwa taa za safari, redio na pampu usizidi asilimia 3. Waya mwembamba huifanya betri nzima ionekane mbovu.

(vii) Pampu ya ngamani yenye swichi ya kuelea iunganishwe na betri kwa waya wake na fyuzi yake, isipitie swichi kuu. Nahodha akizima umeme na kwenda zake nyumbani, pampu ibaki kazini.

(viii) Betri zinazounganishwa pamoja ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Betri kongwe humvuta kijana wake kaburini.

KWA WENYE DHAMANA YA UNUNUZI

Hapa nazungumza na watumishi wenzangu. Fomu inayosema "betri kubwa ya boti, moja" haimsaidii mtu yeyote isipokuwa muuzaji. Fomu itaje mambo sita: kazi ya betri, volti, ampea-saa kwa kipimo cha saa 20, aina, tarehe ya kutengenezwa, na muda wa dhamana. Kwa betri ya kuwashia injini, itajwe nguvu yake ya kuwashia katika ampea, kama ilivyoagizwa katika kitabu cha mashine.

Wakati wa kupokea, ziko njia mbili za uhakiki ambazo hazihitaji mtaalamu. Kwanza ni tarehe: betri ya risasi iliyokaa ghalani zaidi ya miezi 6 bila ya kuchajiwa imekwisha kupoteza sehemu ya umri wake. Pili ni mizani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 27 hadi 30. Ikiletwa betri ya risasi yenye maandishi hayo nayo ina kilo 15, basi maandishi ni ya uongo, kwa sababu risasi haijifichi katika mizani. Ya lithiamu kuwa nyepesi ni maumbile yake.

Kuhusu bei, tuchukue mfano wa hesabu tu. Betri ya shilingi 300,000 ikidumu miezi 8, imegharimu shilingi 37,500 kwa mwezi. Betri ya shilingi 600,000 ikidumu miaka 4, imegharimu shilingi 12,500 kwa mwezi. Iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa rahisi mara tatu, na hapo hatujahesabu safari zilizovunjika wala mgonjwa aliyesubiri gatini.

MATUNZO NA BETRI ZILIZOKUFA

Kwa betri ya maji, kila mwezi tazama usawa wa maji na uongeze maji yaliyokenekwa peke yake, yale yauzwayo kwa ajili ya betri. Maji ya kisima na ya mfereji yana madini yanayoua mabamba. Asidi isiongezwe, kwani kinachopungua ni maji. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi. Betri ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, ipimwe: volti 12.6 na zaidi imejaa, volti 12.2 imebaki nusu, na chini ya volti 12 inahitaji kuchajiwa siku hiyo hiyo. Voltimita ndogo ni kifaa cha bei nafuu, na kila chombo kiwe nayo.

Mwisho, betri iliyokufa isitupwe pwani, isimwagwe asidi yake mchangani, wala isivunjwe ili risasi yake iyeyushwe jikoni kuwa chubwi za mishipi. Moshi na vumbi la risasi hudhuru akili za watoto, na madhara hayo hayaponi. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha inaweza kulipwa, lakini afya ya mtoto hairudishwi. Betri kuukuu zirejeshwe kwa wauzaji zikiwa nzima, na ofisi za Serikali ziwe za kwanza kuonyesha mfano kwa kuweka daftari la kila betri iliyoingia na iliyotoka.

Ndugu Mwenyekiti, nahitimisha. Hesabu matumizi kabla ya kununua. Tenga betri ya injini na betri ya kazi. Chagua aina unayoweza kuichaji na kuitunza. Ifunge mahali pakavu penye hewa, uiwekee fyuzi, na uipime mara kwa mara. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi wala elimu ya chuo kikuu. Yanahitaji kalamu, karatasi na uangalifu kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu wanaotungoja ufukweni hawajui ampea wala volti. Wao hutazama tu kama taa ya chombo inaonekana ikirudi.

Naomba kila nahodha aliyepo hapa afanye hesabu ya chombo chake kabla ya safari yake ijayo, na kila mtumishi mwenye dhamana ya chombo cha Serikali afanye hivyo kabla ya kutia saini fomu nyingine ya ununuzi.